Afterlife: Tamthilia ya Mizimu Ambayo Rick Grimes Alicheza Kabla ya Zombi, na Kwa Nini Bado Inauma

Kama wewe ni wale walikesha wakicheki The Walking Dead, sura ya Rick Grimes unaijua hata ukiwa umefunga macho. Bastola kiunoni, ndevu hazijanyolewa, zombi nyuma yake. Sasa toa bastola, toa zombi. Mvalishe koti la mwalimu wa chuo, mpe ndoa iliyovunjika na mtoto aliyekufa. Halafu mweke kwa chumba kimoja na mwanamke anayesema huyo mtoto bado anamwona.

Hiyo ndiyo Afterlife. Andrew Lincoln aliicheza miaka 5 kabla hajakuwa Rick, na wasee wengi huku kwetu hata hawajai kuiskia. Leo tunaivunja yote: ni ya nani, inahusu nini, ilitoka wapi, iliisha aje, na kwa nini tamthilia ya kizungu ya 2005 inaweza kukuguza ukiwa umekaa kwa keja yako Kayole.

Onyo mapema: karibu na mwisho kuna sehemu inafichua vile iliisha. Nitakuambia ukifika hapo, uruke kama hutaki kuharibiwa.

KWA UFUPI

Jina: Afterlife
Nchi: Uingereza, kwa chaneli ya ITV
Aliyeiunda: Stephen Volk
Waigizaji wakuu: Lesley Sharp kama Alison Mundy, Andrew Lincoln kama Robert Bridge
Inafanyikia: jiji la Bristol
Misimu: 2, ya 2005 na 2006
Epi: 14 kwa jumla, yaani 6 za msimu wa kwanza na 8 za msimu wa pili

STORY NI GANI?

Alison Mundy ni midiamu. Tuelewane hapo kwanza. Midiamu ni mtu anayesema wafu hupitia kwake kuongea na sisi tulio hai. Si mganga wa dawa za miti shamba, wala si wale wa kukuambia utaolewa mwezi gani. Kazi yake ni kubeba ujumbe kutoka upande wa pili.

Na Alison hajaitafuta hiyo kazi. Ni mwanamke aliyenusurika ajali mbaya ya treni, na hao wafu wanamjia tu, awe yuko tayari ama hayuko. Hana nguo za ajabu, hana mpira wa kioo, hana ile sauti nzito ya sinema. Ukimpata kwa stegi ungedhani ni mathe wa mtu amechoka na kazi. Watu wengi wanamwona kama amerukwa na akili, na kuna siku yeye mwenyewe hajui kama wako sawa.

Robert Bridge naye ni mhadhiri wa saikolojia chuoni. Kwake kila kitu kina maelezo. Umeona kivuli? Ni ubongo unakuchezea. Umeskia sauti ya mamako aliyefariki? Ni majonzi. Mtu amekuambia siri yako? Amekusoma, msee. Robert si mbaya wala hana kiburi cha bure. Ni mtu ameamua kwamba dunia ina sheria zake, na mtu akifa, amekufa.

Shida ni kwamba Robert ana mtoto aliyekufa. Anaitwa Josh, na alienda kwa ajali ya gari. Baada ya hapo ndoa na mkewe Jude haikusimama tena.

Kwa epi ya kwanza Robert anapeleka wanafunzi wake kumwona Alison akifanya kazi, iwe kama somo la vile watu hudanganywa. Mmoja wa wale wanafunzi anaguswa na kile Alison ameona, na mambo yanaharibika kabisa. Robert anarudi kwa Alison akiwa na hasira na maswali. Ni hapo Alison anajua kuna mtoi anamfuata Robert.

Kuanzia hapo hao wawili wamefungwa pamoja. Robert anataka kumchunguza Alison na kuandika kitabu juu yake. Alison anataka Robert akubali kwamba mtoto wake hajatulia. Kila epi inaleta kesi mpya, mtu mwingine na mfu wake, lakini chini ya kila kesi kuna hiyo moja ya Josh ambayo Robert hataki kuifungua.

MBONA HII SI KAMA ZILE ZINGINE?

2005 ulikuwa mwaka wa mizimu kwa TV. Kule Marekani, Medium ya Patricia Arquette ilikuwa imeanza mwezi wa kwanza. Ghost Whisperer ya Jennifer Love Hewitt ilianza tarehe 23 Septemba, na Afterlife ikaingia hewani Uingereza tarehe 24 Septemba, siku moja tu baadaye.

Lakini cheki tofauti. Ghost Whisperer inakupa mfu mwenye shida, dem mrembo anaitatua, mfu anaingia kwa mwanga, watu wanalia vizuri, mnaenda kulala. Medium inampa mwanamke kazi ya kusaidia waendesha mashtaka kushika wahalifu. Kwa zote mbili, kuona wafu ni kipaji. Kinakuchosha, lakini kinasaidia.

Kwa Afterlife ni kama ugonjwa. Alison haendi nyumbani akiwa ameshinda. Wafu wengine ni wabaya, wengine ni wabinafsi, wengine hawataki kuishia. Na walio hai pia wako hivyo hivyo. Kuna watu wanakuja kwa Alison si kwa sababu wanataka kuaga mpendwa wao, ni kwa sababu hawataki kumwachilia.

Halafu kuna hii ya mwenye shaka. Tumezoea ile ya The X-Files iliyoanza 1993: Mulder anaamini, Scully ana shaka, na kila wiki Scully anafika kama mambo yashafanyika, anakosa kuona. Mwenye shaka anawekwa pale ili akosee. Volk hakumfanyia Robert hivyo. Sisi watazamaji tunaona wafu kwa skrini, kwa hivyo swali la kama wako ama hawako linajibiwa mapema. Lakini Robert akieleza kinachoendelea kwa roho ya mtu aliye hai, mara nyingi yuko sawa. Alison anaona mfu. Robert anaona kidonda. Na kwa epi nyingi unahitaji wote wawili ndio uelewe kimetokea nini kwa hiyo nyumba.

Kwa hivyo ukiitazama, usijiulize sana "mizimu ni ya ukweli?" Swali lake ni lingine: mtu akikufia, utafanya nini na hayo mapenzi yaliyobaki mikononi mwako? Robert ameyafungia ndani na kuyaita sayansi. Wengine wanayapeleka kwa Alison.

NANI ALIANDIKA HII KITU?

Stephen Volk ni mwandishi kutoka Wales, na hakuanza kutisha watu juzi. Ndiye aliandika Gothic, filamu ya 1986 iliyoongozwa na Ken Russell. Lakini kama unataka kujua huyu mzee ni noma kiasi gani, jina ni moja: Ghostwatch.

Ilikuwa usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992 kwa BBC1. Kipindi kilionyeshwa kama ni matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mizimu London. Aliyekaa studio ni Michael Parkinson, mtangazaji ambaye Waingereza walikuwa wamemwamini kwa miaka mingi, na kwa ile nyumba alikuwa Sarah Greene, ambaye watoto walimjua kutoka vipindi vyao. Wote walikuwa wanacheza wenyewe. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa na kurekodiwa mapema, lakini watu wengi hawakujua. Simu zililia BBC hadi basi, magazeti yakawaka, na BBC haijawahi kurudia kuionyesha kwa TV Uingereza. Mwaka wa 1994, jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha ripoti ya madaktari kuhusu watoto waliopata mshtuko wa akili baada ya kuitazama.

Sasa ona mahali Volk alifika na Afterlife. Kwa Ghostwatch aliuliza: ukiamini skrini, unaweza kuchezwa kiasi gani? Kwa Afterlife aliuliza: unaamini kwa nini? Na 2011 akarudi tena huko huko na The Awakening, filamu aliyoandika na Nick Murphy, ambapo Rebecca Hall ni mwanamke wa 1921 ambaye kazi yake ni kuumbua midiamu wa uongo. Yeye pia amefiwa, na vita ya kwanza ya dunia imeacha nchi nzima ikiwa na matanga. Huyu mzee ameandika hilo swali maisha yake yote.

WAIGIZAJI

Lesley Sharp ndiye moyo wa hii tamthilia. Ametoka Manchester, na kama ulicheki The Full Monty ya 1997 umemwona. Baadaye alikuwa Janet Scott kwa Scott & Bailey, ile ya mapolisi wawili wa kike iliyoanza 2011. Kwa Afterlife anafanya kitu kigumu: anacheza mtu anayeona vitu bila kupiga kelele na kutoa macho. Mfu akiingia, mara nyingi unajua kwa sababu Alison amenyamaza katikati ya sentensi. Hapo ndipo nywele zinasimama.

Andrew Lincoln alikuwa ashajulikana Uingereza kupitia This Life na Teachers, hiyo ya pili ilirekodiwa huko huko Bristol. Dunia nzima ilimjua 2003 kwa Love Actually, yeye ndiye yule jamaa wa kusimama mlangoni na makaratasi yenye maandishi. Kwa Afterlife ni mtulivu hadi unaudhika. Ukimjua kama Rick, utashangaa vile anaweza kuumia bila kuinua sauti. Halafu 2010 akaenda Marekani, na hiyo mengine unaijua.

HII STORY ILISHAFANYIKA KWA UKWELI

Midiamu na mwenye shaka wanaopendana na kupigana si kitu Volk alitoa hewani. Kuna wawili wa ukweli kabisa, na unawajua majina.

Mmoja ni Harry Houdini, aliyezaliwa Budapest 1874 na kuwa bingwa wa kutoka kwa minyororo na masanduku yaliyofungwa. Mwingine ni Arthur Conan Doyle, aliyetuandikia Sherlock Holmes. Ungedhani baba wa Sherlock ndiye mwenye shaka na mtu wa mazingaombwe ndiye mwamini. La. Doyle ndiye aliamini wafu wanaongea, hadi akazunguka dunia akihubiri hivyo. Mtoto wake Kingsley alifariki 1918, na mwaka uliofuata akampoteza ndugu yake.

Houdini naye alimpoteza mamake 1913, na hilo pengo halikuzibika. Watu husahau hii. Wanamwona kama jamaa aliyechukia midiamu tu. Ukweli ni kwamba alitamani sana mmoja wao awe wa kweli.

Juni 1922, kwa hoteli moja Atlantic City, mke wa Doyle alikaa na Houdini kumwitia mamake. Alishika kalamu, mkono ukaanza kuandika mbio mbio, kurasa baada ya kurasa. Ujumbe wa upendo kutoka kwa mama. Houdini alinyamaza akaondoka nazo. Baadaye akasema wazi hakuamini. Kurasa zilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mamake hakuijua vizuri. Juu kabisa palikuwa na alama ya msalaba, na huyo mama alikuwa mke wa rabi wa Kiyahudi. Urafiki wa Houdini na Doyle uliishia hapo polepole, hadi wakawa wanarushiana maneno kwa magazeti.

Miaka yake ya mwisho Houdini aliitumia kuumbua midiamu. Lakini alikubaliana na mkewe Bess maneno ya siri, kwamba akifa na kama kuna njia ya kurudi, atatumia hayo. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1926. Bess alimngoja. Kila mwaka alifanya kikao cha kumwita, hadi 1936 alipofanya cha mwisho juu ya hoteli huko Hollywood. Hakuna kitu kilikuja, akaacha.

Mtu aliyeumbua midiamu wote bado aliacha mlango wazi kidogo. Robert Bridge ni huyo mtu.

WANAKUSOMA AJE?

Kwa sababu Robert angetaka ujue, na kwa sababu hizi nguzo za stima zetu zimejaa karatasi za wataalamu wenye namba ya simu, wacha nikupe rada. Kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni kukusoma bila kukujua. Mtu anarusha maneno mapana: "Naona mwanamume mzee... ana shida ya kifua... jina lake lina J, ama K..." Nani hana mzee aliyekufa na shida ya kifua? Moyo na mapafu yote yako hapo. Wewe mwenyewe unaruka: "Ni guka, James!" Ukifika nyumbani utasema alijua jina. Hakujua, wewe ndiye ulimpa. Akikosea, anageuza haraka, na wewe unasahau makosa kumi unakumbuka moja aliyopata.

Ya pili ni kukusoma akiwa na majibu mfukoni. Hapa mtu ashafanya utafiti. Mfano maarufu ni wa 1986, Marekani. Mhubiri Peter Popoff alikuwa anaita watu kwa majina na kutaja magonjwa yao kana kwamba ameambiwa na mbinguni. James Randi, mwanamazingaombwe aliyegeuka mwindaji wa waongo, alienda na wenzake wakiwa na mtambo wa kunasa redio. Wakaskia sauti ya mke wa Popoff ikimsomea kila kitu kupitia kidude sikioni. Watu walikuwa wamejaza kadi za maombi kabla ya ibada.

Randi huyo huyo aliweka dola milioni 1 kwa yeyote atakayeonyesha nguvu zake chini ya masharti ambayo pande zote mbili zimekubali. Shindano lilifungwa 2015. Hakuna aliyezichukua.

SASA ACHA NIKUAMBIE YANGU

Kuna binamu yangu alienda na ajali ya nduthi. Tulikuwa rika moja. Mwaka huo ndio niliachana na chuo, kwa hivyo nilikuwa nimekaa nyumbani sana, na anti yangu, mamake, nilimwona kila siku. Hakuwa anakula. Alikuwa anakaa tu kwa kiti kimoja, TV imewaka, haangalii.

Siku moja nikampata anapika. Anaimba, hata. Akaniambia amepata mtu anayeongea na wafu, kwa simu. Na huyo mtu alijua vitu. Alijua jina la utani la binamu yangu, lile tulimpa tukiwa watoi. Alijua alipenda kuchora. Alijua alikuwa amepanga kumjengea mamake jiko la nje.

Nilishikwa na baridi, nisikudanganye. Halafu nikafungua simu. Kwa grupu ya WhatsApp ya michango ya mazishi, watu zaidi ya mia mbili, kulikuwa na kile kijitabu cha mazishi. Jina la utani lilikuwa ukurasa wa kwanza. Kuchora, ukurasa wa pili. Jiko, kwa salamu za mamake mwenyewe.

Sikumwambia. Alikuwa anakula, unaelewa? Akatuma pesa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara elfu mbili. Mara ya nne ndio nikaketi naye nikamwonyesha ile simu. Nilijipanga vizuri kama Robert, hatua kwa hatua, huyu alitoa hapa, hii alitoa pale.

Aliniskiliza yote. Halafu akasema, "Najua, mwanangu. Nilianza kushuku kitambo. Lakini nyinyi wote mliacha kutaja jina lake. Ni huyo tu alikuwa bado anamtaja."

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Hatukutuma pesa tena, lakini siku hizi nikienda kwake tunamwongelea kijana. Nikikumbuka ujinga alifanya, namwambia anti, anacheka hadi anafuta machozi.

Nilipatana na Afterlife baada ya hiyo, na nikaiangalia yote kwa siku nne. Kila mara Robert alipokataa kumskiliza Alison nilijiona pale. Alikuwa na akili. Alikuwa na sababu. Na kwa nyumba yake hakuna mtu alikuwa anataja jina la Josh.

ILIISHA AJE? (HAPA RUKA KAMA HUJAITAZAMA)

Msimu wa kwanza unafungwa na epi inaitwa The 7:59 Club, juu ya walionusurika ile ajali ya treni ya Alison. Ndipo mambo ya Alison na mambo ya Robert yanakutana kwa meza moja, kwa kikao cha kuita roho, na Josh ndiye yuko katikati.

Msimu wa pili ni mzito zaidi, na kuna kitu kinaanza kumlemea Robert. Ni uvimbe kwa ubongo. Hapa Volk anacheza karata yake kali kuliko zote. Robert amesema miaka yote kwamba kuona wafu ni ubongo unakuchezea. Sasa ubongo wake mwenyewe ndio mgonjwa. Akiona kitu, aamini macho ama aamini vitabu vyake?

Robert anafariki mwishoni. Hakuna muujiza wa dakika ya mwisho. Mtu aliyeanza akitaka kuonyesha kwamba hakuna kitu upande ule anaenda kujionea mwenyewe, na anayebaki kumlilia ni yule mwanamke ambaye alisema wafu hawaendi mbali. Unaweza kufikiri Alison ndiye angeumia kidogo kuliko wengine, si anaona ng'ambo? Hapana. Kuona wafu hakumpunguzii mtu matanga. Lesley Sharp anakuonyesha hiyo bila hotuba yoyote.

ITV hawakuagiza msimu wa tatu. Wengine walilia, lakini mimi naona ilikufa vizuri. Bila Robert, Alison ni mtu anayeona mizimu tu, na hizo tamthilia ziko nyingi.

MASWALI MNAYOULIZA

Inatisha sana? Haina damu nyingi wala mtu wa kuruka kutoka kabatini kila dakika mbili. Inatisha polepole, ile ya kukufanya uwashe taa ya koridoa ukienda choo. Kuna epi zinagusa kujiua na vifo vya watoto, kwa hivyo kama uko kwa kipindi kigumu, usiitazame peke yako usiku.

Naweza anza na msimu wa pili? Usijaribu. Ukikosa ile ya kwanza, Robert atakuwa tu jamaa mkali bila sababu.

Kuna kitu inafanana nayo? Cheki The Sixth Sense ya 1999, halafu The Awakening. Na kama una roho ngumu, tafuta Ghostwatch, lakini itazame ukikumbuka kwamba 1992 hakukuwa na simu ya kuuliza mtandao kama ni ukweli.

Inataka niamini mizimu? Hapana. Unaweza kuwa mkristo, mwislamu, ama wale wa "mimi naamini tu rent", na bado ikushike. Haikuombi uamini wafu wanaongea. Inakuuliza tu kama walio hai kwenu wanaongea.

Kwa hivyo wikendi hii ukiwa na bando na huna plan, itafute. Na kama kuna jina kwenu halijatajwa siku nyingi, mpigie simu mtu mmoja ulitaje. Hiyo ni bure, na haihitaji mtaalamu kutoka mahali popote.